Toa Huyo Mama kwa Picha

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua ilipopumua kidogo juu ya Manga, Abigael alifunga laptop yake ndani ya mfuko wa plastiki akashuka njia ya migombani kwenda kwa baba yake mdogo, Cleophas. Kule matangani stima ilikuwa imepotea tangu Jumapili. Kwa Cleophas kulikuwa na stima, na wifi, na kiti kisichoyumba. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kutengeneza picha ya jalada la kijitabu cha mazishi ya babu, Mzee Machogu, na kumtumia Duke, mchapishaji wa Birongo, kabla ya saa mbili.

Kwa nini yeye? Kwa sababu ana digrii. Actuarial science, second upper, miaka minne ya kutembeza bahasha ya kaki mpaka ikaota pembe. Hajawahi kuhariri picha hata ya paka. Lakini huku kwetu mtu akishavaa lile joho, basi anajua kutengeneza redio, kujaza fomu za watu na kufufua simu iliyoanguka chooni. Bure, bila shaka. Serikali imekunyima kazi, ukoo unakupa zote.

Cleophas alimngoja mlangoni, beji ya mwenyekiti wa kamati kifuani.

"Bwairire, tata," Abigael alimwamkia baba yake mdogo kwa Kikisii.

"Bwairire, msomi wetu." Alilitamka hilo "msomi" kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Akamtumia picha moja kwa simu. Mzee ameketi mbele ya migomba, fimbo magotini, anaitazama kamera moja kwa moja. Kulia kwake amesimama Cleophas na suti. Kushoto amesimama Nyanchoka, mke mdogo wa mzee, ambaye hakujaliwa mtoto. Mkono wake uko begani mwa mumewe.

"Hii ndiyo ya cover," Cleophas alisema. Kisha akashusha sauti. "Lakini huyo mama, toa."

"Bibi Nyanchoka? Si ndiye mjane, tata?"

"Toa. Alhamisi tukizika, watu wakikipokea wasimwone, wataelewa."

"Wataelewa nini?"

Akamsogelea hadi Abigael akasikia harufu ya chai kinywani mwake. "Unadhani mzee alikufa tu hivi hivi? Omorogi hawezi kukaa kwa kitabu ya familia."

Omorogi. Mchawi. Kila mtu wa huku anajua kinachofuata neno hilo likishatoka kwa familia yenyewe. Vijana huja na mafuta ya taa. Nyumba huwaka. Kesho yake polisi wakiuliza, kijiji kizima kilikuwa kimelala fofofo. Abigael alijua pia kwamba shamba la majani chai la Nyanchoka linapakana na la Cleophas, zuri, kando ya lami.

Alijua yote hayo. Lakini Cleophas alikuwa tayari anavaa koti.

"Makaratasi yako nimepeleka kwa mtu wangu. Wiki ijayo utaitwa kazi. Usiniangushe."

Akatoka.

Ni pixels tu, Abigael alijiambia. Mimi siui mtu. Mimi nafuta pixels.

Sasa, software gani? Ile kubwa ya watu wa maofisi ilikuwa nje ya mjadala. Laptop yenye RAM ya huruma ingezimia hata kabla ya nembo kutokea. Akatafuta za wanaoanza. YouTube kulijaa vijana wenye taa za rangi ukutani, super easy guys, click click, done. Akaanza na moja ya ndani ya browser. Hakuna kudownload, vitufe vikubwa kama vya watoto wa nasari. Unapaka brashi juu ya mtu, mashine inakisia kilichokuwa nyuma yake.

Akampaka Nyanchoka. Mkono ule pia. Akabonyeza.

Migomba ikajaa mahali pake, mizuri, kama hakuwahi kusimama mtu. Abigael akatabasamu. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

Macho ya mzee yalikuwa yanatazama kushoto.

Akafungua picha ya asili. Mzee anatazama kamera. Akarudi kwenye ile aliyohariri. Kushoto, pale penye migomba mipya.

"AI na wazimu wake," alisema kwa sauti, maana nyumba ilikuwa kimya mno. Mashine ikikisia jani, itashindwa kukisia jicho?

Akaifunga. Akashusha nyingine ya bure, ile ambayo wanaoijua huiapia na wanaoanza huililia, menyu zimesongana kama kichaka cha lantana. Lakini hii haikisii kitu. Unanakili jani kwa mkono wako, unalibandika unapotaka. Dakika arobaini alibandika, jani baada ya jani, akimfunika Nyanchoka kuanzia miguuni. Uso wa mzee hakuukaribia. Hakuukaribia hata kidogo.

Jani la mwisho likafunika leso ya Nyanchoka.

Ndipo akaisikia harufu. Ugoro... na moshi wa mti wa muwati. Harufu ya koti la babu.

Akainua macho kwenye picha.

Mzee alikuwa amegeuza kichwa chote. Sikio moja tu lilionekana, na shavu, na ncha ya pua.

Stima ikakatika.

Abigael hakupiga kelele. Miaka minne ya interview imemfundisha kukaa wima hata mambo yakiharibika. Laptop yake, betri ikiwa imekufa zamani, ilizima hapo hapo. Ikabaki simu. Akafungua app ya picha aliyoishusha mchana, nyepesi kuliko zote, ya kidole kimoja, inayofanya kazi hata bila data. Kwa nini aliendelea? Alitaka imkosoe. Alitaka kuona mzee anatazama mbele, aseme ni uchovu, atume, aitwe kazi.

Akamgusa Nyanchoka kwa kidole. Akatoweka.

Na kwenye kiti kile... mgongo. Koti la mzee, kisogo cha mzee chenye kovu. Mzee Machogu alikuwa ameipa kamera mgongo.

Nyuma ya Abigael, gizani, kiti cha Cleophas kililia kama kinavyolia mtu mzito akikikalia.

"Abigaeli..."

Ni babu peke yake aliyemwita hivyo, na hiyo i ya mwisho.

"Mrudishe."

Hakugeuka. Angegeukia nini?

Mlango ukasukumwa. Cleophas, na tochi, na harufu nyingine iliyoifunika ile ya ugoro papo hapo. Mafuta ya taa. Barazani vijana watatu walikuwa wanakung'uta mvua, na kati yao mtungi wa plastiki.

"Umemaliza?"

Abigael akamwonyesha simu. Mwanga ulimpanda Cleophas usoni. Akatazama sana.

"Mbona mzee amekupa mgongo?"

"Si mimi, tata," alinong'ona. "Angalia vizuri. Nani amesimama kando yake pale?"

Aliyebaki kwenye picha, kando ya kisogo kile, alikuwa Cleophas peke yake.

Akarudi nyuma hatua moja. Lakini barazani vijana walikuwa wanangoja, na mtu mzima haogopi picha mbele ya vijana. "Rekebisha hiyo takataka. Umtoe huyo mama, umgeuze mzee, utume. Una dakika kumi."

Akatoka kuwaambia wafiche mtungi hadi Alhamisi, kitabu kikitoka. Abigael akasikia mtungi ukiburutwa kwenye saruji. Hakuhitaji dakika kumi. Akawasha bando lake la mwisho la data, akamtumia Duke picha ya asili, kama ilivyopigwa, akaandika: Hii ndiyo imepitishwa. Chapa usiku huu, usipokee nyingine hata kutoka kwa mwenyekiti. Tiki mbili. Kisha akapita katikati ya wale vijana, kichwa juu.

Alhamisi kijitabu kiligawiwa. Nyanchoka alikuwa mahali pake, mkono begani. Wale vijana watatu walitazama jalada, wakamtazama Cleophas, wakakitia mfukoni. Hakukuwa na kitu cha kuelewa.

"Kazi sahau," Cleophas alimsonya karibu na hema.

"Nimezoea kutokuwa nayo, tata."

Nyanchoka alikuwa amekalishwa kushoto kwa jeneza. Waliotangulia kuaga walirudi wakinong'ona kwamba uso wa mzee, nyuma ya kile kioo kidogo, umelala upande wa kushoto. Barabara ya kutoka mochari ni mbovu, mtu wa gari akaeleza, mwili huyumba. Sawa. Kisha jua likatoka, wanawake wakamhamisha mjane kulia penye kivuli.

Familia iliaga mwisho. Cleophas aliinama juu ya kioo, akashika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili, na ilibidi aondolewe. Abigael akafuata.

Uso ulikuwa umelala upande wa kulia.

Alisomea probability. Hesabu hiyo hakuipiga.

Nyumba ya Nyanchoka imesimama hadi leo. Cleophas hapiti tena njia ya pale. Huzunguka ridge nzima.

Wiki mbili baadaye, namba ngeni ya Nyansiongo ikamwandikia WhatsApp. *Sister, niliona kijitabu ya mzee, kazi safi. Hata mimi nina kazi kidogo. Kuna mtu nataka atolewe kwa picha.*

Kazi ya kwanza tangu agraduate. Picha ikafuata. Mzee kwenye kiti, watoto, na nyuma yao mwanamke aliyeshika mtungi wa maziwa, anacheka.

Abigael akaandika: *Huyo mama yuko hai?*

Typing... ikaacha. Typing...

*Kwa sasa.*