Mawe Yasiyokwisha

Mawe ya hedifoni, zile betri zake, yalikataa kwisha, na Kazungu, badala ya kuogopa, akafurahi! Mtu mzima, karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, hakujiuliza hata kidogo ni mawe gani hayo.

Hedifoni zenyewe aliuziwa na baharia. Hazikuwa na waya. Kisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye redio kaseti kilirusha sauti, nazo zikaidaka. Zilimfaa sana. Mkewe, Ketty, alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku hospitali, akilala mchana, na chumba chao cha Kibokoni kilikuwa kimoja tu. Kazungu alikuja adhuhuri, akala, akasikiliza taarabu yake bila kumwamsha mtu. Shida ilikuwa mawe. Zilikuwa zikiyala vibaya! Kanda haijageuzwa upande wa pili, mwimbaji ameshaanza kuvuta sauti kama mlevi.

Basi siku moja akayatoa, akayang'ata kidogo, akayaanika juani, kama afanyavyo kila mtu. Lakini mahali alipoyaanika, jamani! Juu ya kifuniko cha kisima kikuukuu cha uani, jua la utosi, saa ambayo wenyeji hata maji hawamwagi pale bila kusema bismillahi. Na kwa hasira zake akapaza sauti: "Chukueni nguvu popote humu nyumbani, mradi nisikatiwe wimbo!"

Tangu hapo hakukatiwa. Ila nyuma ya mwimbaji aliyemzoea akaanza kumsikia mwanamke mwingine, taratibu, karibu mno, na hedifoni zikawa zinanukia udi. Kazungu akadhani kanda imerekodiwa juu ya nyingine. Tena akampenda yule wa nyuma.

Na binti yao Cynthia, mtoto wa chekechea asiyejua kutulia, akaanza kulala. Akilishwa, analala. Akiogeshwa, analala. Hospitali wakampima damu wasione malaria wala chochote.

"Baba Cynthia," Ketty akanong'ona adhuhuri moja, machozi yakimtiririka, "mshike mkono huu. Mimi wagonjwa nawajua. Mtoto anaisha."

Kazungu akaona haya kukutwa na nyimbo masikioni. Akazivua hedifoni, akapapasa kitufe asikipate, akafungua kijumba cha mawe ayatoe. Kilikuwa kitupu.

"Nani katoa mawe?"

Cynthia akafumbua macho kwa taabu. "Mimi, baba. Zamani. Ni watoto wangu."

Yalikuwa chini ya mto wake, yamefungwa kitambaa, yameota kutu. Na mikononi mwa Kazungu hedifoni zile zisizo na kitu ndani zikaendelea kuimba, na kila yule mwanamke alipopandisha sauti kifua cha Cynthia kikashuka, na alipoishusha kikainuka kidogo, kikashuka tena, mpaka Kazungu mwenyewe akaelewa ni nini kilichokuwa kikimwimbia siku zote hizo.

Akanyakua mchi azivunje. "Usivunje!" Alikuwa Bi Mwanatumu, mwenye nyumba, aliyekuwa akiagua watu enzi zake, amesimama mlangoni. "Ukizivunja, huyo aimbaye ataondoka na alichokwisha kula. Ulimwambia nini?"

Kazungu akasema yote. Bi Mwanatumu akajishika kichwa.

"Ewe mwanangu! Yuwala kwa ruhusa yako. Mimi ntasoma, ntafukiza, lakini aliyempa ni wewe, na wewe ndiwe wa kumnyima. Mwambie arudi kwao. Atakuuliza ale wapi. Usimjibu! Hata akulilie, usimtajie chakula."

Wakaenda kisimani, chetezo kikifuka, Bi Mwanatumu akisoma kwa sauti ya chini, naye Kazungu akazivaa hedifoni zile zilizokuwa za moto kama paji la mgonjwa, akasema, "Nakunyima, rudi kwenu," na wimbo ukakatika, na harufu ya udi ikageuka harufu ya maji yaliyooza, na sauti ikamuuliza ndani kabisa ya sikio, kwa upole wa mtu mwenye njaa, "Basi nile wapi?" naye akauma midomo, ikauliza tena, akauma mpaka damu ikatoka, hadi kule chumbani Ketty akapiga ukelele, "Hapumui! Baba Cynthia, mtoto hapumui!"

"Kwangu!" akalia Kazungu. "Kula kwangu, mwache mtoto!"

Bi Mwanatumu akakikata kisomo, akaweka chetezo chini.

Cynthia aliamka, akataka uji, tena wa sukari nyingi. Ketty akacheka huku analia. Kazungu aliiona midomo yake ikicheka, lakini hakusikia kicheko. Hedifoni zilitupwa kisimani na kifuniko kikajengewa saruji. Wimbo ukabaki kichwani mwake, mchana na usiku, wala hakusikia kingine. Alipomwona mtoto akikimbia uani, hakujuta. Alikonda, akatoboa mkanda wa suruali matundu mapya, akaacha kazi, na bado hakujuta.

Mpaka adhuhuri hii. Cynthia amechoka kuruka kamba, amekuja kumkalia pajani. Na wimbo umeanza kuvuta. Unavuta, unalegea kama mlevi, namna ile Kazungu aijuayo vizuri sana. Kisha mwanamke akaacha kuimba.

"Kwako kumekwisha, Baba Cynthia. Sasa nile wapi?"

Kazungu akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Pajani mwake Cynthia akapiga miayo.