Ubavu wa Ziada

Siku ile mjinga alikuwa Rusbel, na mpaka leo hakatai. Atakuambia mwenyewe, huku akicheka, kwamba watu wengine hudanganywa na matapeli, lakini yeye alijidanganya bila msaada wa mtu.

Ilikuwa asubuhi kama zote za Agosti kwenye vilima vya juu ya Lima. Ukungu ulikuwa umeshuka ukameza ngazi za saruji, ukameza na mbwa, zikabaki kelele zao tu. Rusbel, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikunywa uji wake, akakohoa ndani ya kiwiko, kisha akamtupia jicho mama yake kuona kama amesikia. Alikuwa amesikia. Mama Eulalia alimwagiza avae sweta ya pili, na asisahau kwamba leo gari la eksirei linakuja shuleni kupima vifua, kama mwaka jana.

Angesahau vipi? Kwa siku tatu gari hilo lilikuwa limemkosesha raha. Jumapili ya wiki iliyofuata kulikuwa na sikukuu ya watu waliotoka milima ya Huancavelica, na siku hiyo Rusbel angepewa jina lake la mcheza mikasi. Mchezaji hugonganisha mkononi vyuma viwili vyenye umbo la mkasi, kinubi na fidla vikilia, huku akiruka mpaka watazamaji wanashika vichwa. Rusbel alikuwa amejifunza kwa miaka minne, katika chumba cha Mwalimu Teófilo kilichofungwa madirisha ili majirani wasilalamike. Na Mwalimu alikuwa na sheria moja isiyobembelezeka: mwenye kifua kibovu hapewi jina.

Basi Rusbel akamtafuta Nilo, mtoto wa mama yake mdogo, ili apimwe badala yake. Nilo aliishi kilima cha pili na kusoma shule nyingine, ambayo siku hiyo ilikuwa imefungwa. Walicheza mikasi pamoja, tena walifanana. Nilo hakuwa na kikohozi hata cha kuazima. Alipanda ngazi mia mbili akafika juu anapiga mluzi. Picha ya kitambulisho cha Rusbel ilipigwa akiwa na miaka sita, hana meno mawili ya mbele. Ingeweza kuwa ya mtoto yeyote.

Nilo alisita. Alimkumbusha neno la Mwalimu, kwamba anayengoja jina jipya haazimishi la zamani, kwa sababu roho ya mlima humchukua yule anayeitika. Rusbel alimcheka, akamuuliza tangu lini mlima unasoma vitambulisho.

Lori jeupe la eksirei lilisimama uwanjani. Rusbel alijibanza nyuma ya ukuta wa vyoo. Ndani ya ukungu sauti ya mwanamke ikaita, "Rusbel Ccanto," na sauti nyingine ikaitika, "Nipo." Alijua ni Nilo. Hata hivyo nywele zilimsimama, maana sauti ile ilifanana na yake kuliko siku zote, na mbwa wa kilimani walinyamaza kwa pamoja.

Nilo alirudi amepauka. Alieleza kwamba alikandamiza kifua kwenye ubao wa baridi akashika pumzi. Alipokuwa akivaa shati aliona mbavu zake kwenye skrini, nyeupe, zimetulia. Kisha rangi zikaanza kutokea bila mtu kugusa kitu: buluu, njano, halafu nyekundu, juu upande mmoja, kama kaa la moto linalopulizwa. Pembeni ikasimama namba themanini na saba. Juu ya vyote lilikuwa jina la Rusbel.

"Imekuona," Nilo alinong'ona. "Nimesimama mimi, imekuona wewe."

Akamrudishia kitambulisho kwa ncha za vidole, kama kitu kilichotoka kaburini, akatokomea kwenye ukungu.

Mchana ule Rusbel hakusikia somo lolote. Alihisi kaa likiwaka kifuani. Kila alipokohoa aliona mlima umekaa nyuma ya dirisha, umekaribia kidogo kuliko mara ya kwanza. Saa nane mwanafunzi mmoja akaja mlangoni: Rusbel anahitajika garini, peke yake.

Ndani ya gari kulikuwa na giza na baridi. Bi Maruja, mpiga picha, alivaa barakoa, macho yake tu yakionekana. Mbele yake vilining'inia vifua viwili, cha mwaka jana na cha leo, vyote vimeandikwa Rusbel Ccanto. Alibonyeza kitufe. Kifua kimoja kikateleza juu ya kingine taratibu, lakini mbavu zikakataa kulingana.

"Hapa shingoni pana ubavu mdogo wa ziada," alisema. "Mtu huzaliwa nao, hauoti kwa mwaka mmoja kama muhindi. Mwaka jana hukuwa nao. Sasa niambie, mwanangu, ni nani ameingia kifuani mwako?"

Rusbel alitaka kujua kwanza kama mashine ilimtambua kwa jina. Bi Maruja alimwambia kwamba programu ya mashine haijui jina la mtu. Majina huandika binadamu. Yenyewe hulinganisha picha na maelfu ya picha nyingine ilizofundishiwa, kisha hupaka rangi mahali inapopatilia shaka, na kuweka namba ya ukubwa wa shaka hiyo, ili mtu mwenye macho atazame vizuri. Naye alitazama, na daktari akatazama. Doa lilikuwepo.

Akaweka kikombe kidogo mezani. "Ukitemea humu wewe, huenda yakawa makohozi safi. Nitaandika Rusbel hana kitu. Na mwenye doa atalala leo akijua ni mzima."

Hapo hofu ya mlima ilimtoka Rusbel, ikaingia nyingine nzito zaidi. Alimwona Nilo akipiga mluzi juu ya ngazi. Aliona pia sikukuu ikimponyoka.

"Ni Nilo," alisema. "Nilimtuma mimi."

Alikimbia mwenyewe kilima cha pili kumleta, akiita ndani ya ukungu, na jina la Nilo likimrudia kutoka pande zote kana kwamba kuna watu wengi wanaomtafuta.

Majibu yalitoka siku chache baadaye. Picha mpya, ya Rusbel mwenyewe, haikuonyesha doa, na makohozi yake yalikuwa safi. Alikuwa na mafua, ugonjwa wa kila mwenye pua Agosti. Nilo, asiyekohoa, alikuwa na kifua kikuu kichanga. Angemeza dawa kwa miezi sita bila kuruka siku, na angepona. Wachezaji wote walipimwa, na madirisha ya Mwalimu yakafunguliwa. Majirani wakalalamika, wakazoea.

Lakini Mwalimu Teófilo alitangaza kwamba, kwa sababu ya uongo ule, jina la Rusbel litangoja mwaka mzima. Rusbel alitetea kesi yake mbele ya mama yake, Mwalimu, na Bi Maruja aliyekuja kumwona Nilo. Alisema mwenye kifua kibovu si yeye. Alisema pia shule ya Nilo haikuwa kwenye orodha ya gari, kwa hiyo asingemtuma, doa lisingeonekana. Uongo wake ndio uliomwokoa Nilo. Mtu wa namna hiyo hupewa shukrani, si adhabu.

Mwalimu akakuna kidevu, akamgeukia Bi Maruja.

Bi Maruja alishusha barakoa.

"Kifua cha Nilo kilisema kweli, wewe ukakibandika jina la uongo," alisema. "Kilichomwokoa ni kifua chake, mwanangu. Jina lako lingemzika."