Bomba Nje ya Ua

Siku zile, mtaani Kamembe, sauti ya kwanza baada ya adhana ya alfajiri ilikuwa ya madumu matupu. Majirani wa nyumba tano walipanga foleni kwenye bomba la Nasiba, mjane aliyeuza vitenge sokoni.

Bomba lilikuwa nje ya ua, upande wa barabara. Marehemu mumewe, Mzee Kamali, ndiye aliyeliweka pale. Alisema mtu asipige hodi kwa ajili ya maji. Kabla ya hapo, wanawake waliteremka Ziwa Kivu na kupanda kilima na mtungi kichwani. Nasiba aliikumbuka vizuri siku bomba lilipofunguliwa. Kamali alijaza kikombe cha bati, akampa yeye kwanza.

Kila mwezi majirani walichangia fakitire, yaani ankara ya maji. Lakini mwaka ule fakitire ilipanda kuliko michango. Miezi mitatu Nasiba alijazia kwa mtaji wa vitenge. Mwezi wa nne alinunua kufuli.

Joséphine, jirani aliyevuka daraja la mpakani kila siku kuuza unga Bukavu, alimkuta nalo mkononi.

"Maman Nasiba, unafunga maji ao unatufunga siye?"

"Mtaji unaisha, Joséphine."

"Basi Mzee Kamali ataamuka kule kaburini, akuombe ufunguo."

Nasiba hakucheka.

Asubuhi hiyohiyo alifika Ndayisaba, mfanyakazi wa ofisi ya maji aliyepita kusoma kompteri, kifaa kinachopima maji. Nasiba alimwambia wazi kwamba ofisi inajitungia bei. Ndayisaba hakukasirika. Alikaa juu ya dumu, akaeleza.

Maji husafishwa kwa dawa, kisha husukumwa kwa umeme hadi kilimani. Mabomba hupasuka na kutengenezwa. Mafundi hulipwa. Gharama zote hujumlishwa, na bei hupangwa ili zirudi. Lakini bei si moja. Maji ya kwanza ya mwezi huuzwa rahisi, ili hata maskini anywe. Yanayozidi hapo huuzwa ghali, ili watu wasiyamwage ovyo. Mwaka ule tofauti hiyo ilikuwa imeongezwa.

"Lakini mimi natumia kidogo," alisema Nasiba.

"Wewe, ndiyo. Ila kompteri haihesabu batu, Maman. Inahesabu maji. Nyumba sita zinakunywa kwa jina moja. Ofisini wanafikiri uko na hoteli."

Nasiba aliuliza kama sharti awafukuze majirani. Ndayisaba alisema hapana. Mwenye uwezo aombe kompteri yake, naye atapata maji yake ya bei rahisi. Wasio na uwezo waombe bomba liandikwe kuwa la umma. Bomba la umma lina bei moja ya chini, hata maji yakiwa mengi.

Nyumba mbili ziliomba kompteri zao. Kwa zilizobaki, Joséphine aliandika barua, wote wakatia sahihi. Ofisi ilikagua, ikakubali. Walikubaliana pia kuchangia kwa idadi ya madumu, si kwa nyumba.

Michango ilitosha kulipa fakitire iliyofuata. Vitenge vilirudi kwenye meza yake sokoni.

Kufuli halikupotea bure. Nasiba alilitia kwenye kisanduku cha kompteri, watoto wasiichezee. Juu ya bomba alitundika kile kikombe cha bati.

Joséphine alikijaza, akanywa taratibu.

"Sasa mzee alale," alisema.

Safari hii Nasiba alicheka.