Jibu Lisilo na Shahidi

Haraka haraka ina baraka. Wahenga waseme watakavyo. Mbele ya friji ya maabara, hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Shangazi. Fungua, chukua, funga. Hakuna kusimama pale kama mtu anayechagua nguo dukani.

"Humo mna kingamwili," alikuwa akisema. "Zikipata joto zinaharibika, na wala hazinuki kama maziwa ili ujue. Zinakaa kimya kwenye kichupa, maji meupe vilevile, zinakudanganya mchana kweupe."

Chiriku aliikariri sheria hiyo bila kufundishwa. Chiriku halikuwa jina lake. Baba yake ndiye aliyempachika, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alipolazwa, na mama yake akaanza kulala hospitali kumuuguza, yeye alihamia kwa shangazi yake, dada wa baba. Kila alasiri alitoka shule, akavuka barabara, akaingia maabara ya hospitali na kukaa kwenye kigoda kando ya mlango. Hapo alifanya hesabu zake mpaka Shangazi amalize kazi.

Chumba kilikuwa chembamba, kikinuka spiriti na nta. Vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa viligandishwa ndani ya nta, vikakatwa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha vikalazwa juu ya vioo vidogo vinavyoitwa slaidi. Siku moja Chiriku aliuliza vile vioo vilihusiana vipi na ugonjwa wa baba yake.

"Uvimbe wa baba yako ni seli zilizokataa kufa," Shangazi alimjibu bila kuinua macho.

"Kwani seli zinatakiwa kufa?"

"Kila siku. Seli ikichakaa, inajiua yenyewe kimyakimya. Ina protini iliyo kama kisu ndani ya ala. Wakati ukifika, kisu kinachomolewa na seli inajikatakata kwa ndani. Saratani ni seli zilizosahau adabu hiyo. Dawa anayopewa baba yako ni ya kuzilazimisha zichomoe visu."

"Na kingamwili zinafanya nini?"

"Hizi zetu ni kama mbwa wa mwindaji aliyefunzwa kushika mnyama mmoja tu. Kisu kikiwa alani, zinakipita kama hazikioni. Kikichomolewa, zinakishika. Tukitia rangi, pale penye seli inayokufa panageuka kahawia, na pengine pote panabaki buluu. Ukiona kahawia kwenye uvimbe, piga vigelegele."

"Kumbe mnapigia kifo vigelegele!"

"Kifo cha kupe, ndiyo. Cha ng'ombe, hapana."

Chiriku alicheka. Ndipo Shangazi akamwonyesha slaidi nyingine, iliyolala kando peke yake. "Na huyu ndiye shahidi. Ni kipande cha tezi ya koo ambacho wote tunajua kina seli zinazokufa. Kila tunapompima mgonjwa, tunampima na shahidi. Shahidi akigeuka kahawia, kingamwili ni nzima, jibu la mgonjwa tuliamini. Shahidi akibaki buluu, hatuna jibu. Tuna uongo juu ya kioo."

Ijumaa moja ya joto kali, Chiriku alifika na chupa ya soda ya vuguvugu. Shangazi alikuwa chumba cha pili, kwenye hadubini. Friji ilikuwa pale. Dakika chache tu, aliwaza, nani atajua? Akaifungua, akaisukuma chupa katikati ya visanduku, akaurudisha mlango. Chupa ilikuwa ndefu. Shingo yake ilitokeza, na mlango uliegemea tu bila kushika. Friji yenyewe ilikuwa kongwe, kengele yake ya kuonya ilikwisha kufa zamani.

"Chiriku! Saa ya kuwaona wagonjwa inapita!"

Walitoka mbio kwenda wodini. Soda akaisahau.

Jumatatu asubuhi walipitia maabara kabla ya shule. Shangazi alibaki getini akisalimiana na mlinzi, Chiriku akatangulia. Mlango wa friji ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Dimbwi la maji lilikuwa limetanda sakafuni. Akagusa kichupa cha kingamwili kilichokwisha kuzimuliwa kwa maji tayari kwa kazi: kilikuwa na joto kama kimetoka mfukoni mwa mtu.

Akaichomoa chupa na kuitumbukiza mkobani, akapangusa maji kwa sweta lake la shule, akaufunga mlango kwa mgongo. Shangazi alipoingia, friji ilikuwa ikinguruma kama kawaida yake.

"Mbona unahema?"

"Nimekimbia, Shangazi."

Darasani hakufungua kinywa. Jirani yake wa dawati alimchokoza, "Leo vipi? Umemeza mfupa?" Kisha akawageukia wengine: "Jamani, redio imeisha betri!" Darasa zima likacheka. Chiriku alitazama ubao na hakuona kilichoandikwa.

Siku hiyohiyo kipande kipya cha uvimbe wa baba yake kilipimwa, ili ijulikane kama dawa ilikuwa inafanya kazi. Hakukipima Shangazi, kwani mtu haruhusiwi kumpima ndugu yake. Alikipima mkuu wa maabara mwenyewe, mzee ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mhuri, kwa jinsi alivyopenda kugonga mhuri hata kabla wino wa kalamu haujakauka.

Jioni Shangazi alirudi nyumbani, akakaa kitini bila kuvua viatu.

"Majibu ya baba yako yametoka," alisema. "Buluu tupu. Hakuna hata seli moja inayokufa. Kesho daktari anaisimamisha dawa."

Chiriku angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona, na soda alikwisha kuimwaga chooni shuleni. Lakini alimwona baba yake akinyang'anywa dawa ambayo labda ilikuwa inamponya, kwa sababu ya chupa ya soda.

"Shangazi," alisema, "kingamwili zikipata joto tangu Ijumaa hadi Jumatatu..."

"Rudia."

Akarudia, safari hii yote: chupa, mlango, dimbwi, sweta. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Niliogopa ungenifukuza pale."

"Ningekufukuza. Na ungestahili. Lakini kile kichupa ningekitupa kabla hakijamgusa baba yako."

Asubuhi yake walimkuta Bwana Mhuri akinywa chai ofisini. Shangazi alimweleza kuhusu friji, kisha akamuuliza swali moja tu. "Mkuu, shahidi alitoka vipi?"

Bwana Mhuri alikoroga chai. "Sikuweka shahidi."

"Hukuweka?"

"Kingamwili ni adimu. Kichupa kimoja tunakisubiri kama mvua. Niimwagie tezi ya koo ya nini? Mimi nilianza kazi hii wewe ukiwa hujui kushika kalamu. Sihitaji tezi iniambie kama naijua kazi."

"Tezi haikupimi wewe, Mkuu. Inapima kilichomo kichupani."

"Jibu limegongwa mhuri, limekwenda. Na huyu mtoto wako nisimwone tena humu."

Shangazi alimshika Chiriku mkono, wakapanda ngazi hadi wodini, moja kwa moja kwa daktari, mwanamke mfupi mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alipomaliza kusikiliza, daktari aliuliza, "Nani aliyeacha friji wazi?"

"Mimi," alisema Chiriku. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Daktari alilifungua faili la mgonjwa. "Dawa haisimamishwi leo," alisema. "Jaribio lirudiwe. Kichupa kipya kutoka friza ya bohari, na shahidi awepo. Mkuu wenu apime, mimi nitakuja kusoma mwenyewe."

Bwana Mhuri alipima huku amenuna, akizirusha glavu pipani kama zimemtukana. Ziliwekwa slaidi tatu: shahidi aliyetiwa kingamwili za kichupa cha zamani, shahidi aliyetiwa za kichupa kipya, na kipande cha baba, nacho kwa kichupa kipya. Chiriku alisubiri nje kwenye benchi la korido, akiomba kimoyomoyo. Hakuomba pesa wala kufaulu mtihani. Aliomba rangi ya kahawia.

Jioni daktari aliinama kwenye hadubini. Akasoma ya kwanza. "Shahidi, kichupa cha zamani: buluu tupu. Kingamwili hizi zilikufa." Akabadilisha. "Shahidi, kichupa kipya: kahawia, safi kabisa."

Akaweka ya tatu. Akakaa nayo muda mrefu, akaisogeza huku na huku. Kisha akainuka na kumpisha Chiriku kwenye kiti.

Chiriku alitazama. Aliona buluu, kama anga isiyo na hata ndege mmoja. Akatafuta kona hadi kona. Alitafuta mpaka machozi yakaifuta picha yenyewe.

"Dawa haimsaidii," alisema daktari taratibu. "Sasa nalijua hilo, sibahatishi. Iko dawa nyingine, kali zaidi. Itamtapisha, itampukutisha nywele. Siahidi kitu. Lakini tunaianza kesho, na hatutapoteza tena siku juu ya ile."

Chiriku mwenyewe ndiye aliyekwenda kumweleza baba yake, akiwa amesimama miguuni pa kitanda, karibu na mama yake. Baba alikuwa amekonda, mifupa ya mabega ikiinua shuka. Alimsikiliza, akafumba macho, akayafumbua.

"Na soda yenyewe uliinywa?"

"Niliimwaga, baba."

"Hasara juu ya hasara," alisema, akamnyooshea mkono. Mama aligeuka dirishani akajipangusa uso kwa kanga.

Yeye na Shangazi waliporudi maabara kuchukua mkoba, Bwana Mhuri alikuwa amesimama mlangoni akiwasubiri.

"Jana buluu, leo buluu," alisema. "Umenipita juu ya kichwa, umeniaibisha mbele ya daktari, umetumia kichupa kipya, na jibu ni lilelile! Nataka uniombe radhi. Hapahapa, mbele ya mtoto huyu, ajifunze adabu."

Chiriku alitangulia kusema. "Nisamehe, babu. Mimi ndiye niliyeharibu kile kichupa."

"Wewe nimekusamehe. Namsubiri mkubwa wako."

Shangazi aliutundika mkoba begani kwa Chiriku, akamgeukia yeye kwanza.

"Sikiliza, mwanangu. Kipofu akirusha jiwe likampata ndege, hatusemi amemwona. Jana jibu lingekuwa buluu hata kama baba yako angekuwa anapona. Leo ni buluu kwa kuwa ndiyo kweli, na juu ya kweli daktari anaweza kukanyaga, hata kama inaumiza. Kuacha mlango wazi lilikuwa kosa la mkono, nalo umeliombea msamaha. Kufuta maji na kunyamaza lilikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu lilimfungia mgonjwa njia ya kujua. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo. Na mtu akikuambia amejibu bila shahidi, usimwogope, muulize tena."

Kisha akamtazama Bwana Mhuri usoni.

"Na wewe, Mkuu, nakuheshimu kwa umri wako na kwa mengi uliyonifundisha. Lakini mgonjwa yeyote, wa kwangu au wa mtu baki, akipimwa tena humu bila shahidi, nitapanda ngazi zilezile. Radhi siombi."