Sumaku Iliyoota Moto

Nyanchera alipotoka shuleni Gesima alasiri, alikaa mlangoni pa jiko kushona shati la kaka yake. Alfayo alikuwa na kipaji cha kupoteza vifungo. Karibu naye, wimbi ulikuwa umeanikwa mkekani. Kuku akaurukia, Nyanchera akamfukuza kwa shati, na alipoketi tena sindano haikuwepo.

Alipapasa wimbi kwa vidole. Hakuna kitu. Mama angeupeleka kwenye mashine ya kusaga jioni ile, na mdogo wao Abner, mwenye meno manne tu, hunywa uji wake. Alimwona akilini akimeza vipande vya chuma.

Akakumbuka sumaku ya Mwalimu Nehemiah, aliyoazimwa ili kesho aonyeshe darasa. Akaipitisha kwenye wimbi mara kadhaa. Akaigusisha jembe. Haikunata popote.

"Hiyo imekufa," Alfayo akasema. "Izike pamoja na vifungo vyangu."

Nyanchera hakucheka. Mhunzi hutia jembe motoni likawa imara, basi jana Nyanchera alikuwa ameitia sumaku kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, iwe na nguvu zaidi.

Mama akaja, akazoa wimbi, akafunga gunia, akalinyanyua.

"Mama, usiende."

"Kuna nini?"

Akisema, kosa lake litajulikana kwa mama na kwa mwalimu pia. Ndani, Abner alikuwa akigonga kikombe chake.

"Sindano imo ndani. Na sumaku ya mwalimu nimeichoma."

Mama alilitua gunia chini. Kisha akajitwika gunia, akamwambia Nyanchera abebe ungo, wakakatiza shamba la majani chai hadi kwa mwalimu.

Alipowasikiliza, Mwalimu Nehemiah aling'oa sumaku nene kwenye spika ya redio mbovu. Walimimina wimbi kidogo kidogo kwenye ungo, naye akiukoroga kwa sumaku. Gunia lilizidi kulegea. Lilipobaki robo, ikasikika: tik. Sindano ilining'inia kwenye sumaku.

Mama akashusha pumzi. Nyanchera akalia.

"Sasa ile yangu," mwalimu akasema. "Ndani ya chuma kuna vitu vidogo mno, elektroni, na kila kimoja ni kama kisumaku. Katika sumaku, vingi huelekea upande mmoja, kama ninyi kwenye gwaride. Moto ukizidi, mpangilio huvunjika, kila kimoja kikatazama kwake. Kama ninyi kengele ya mwisho ikilia."

Aliisugua sumaku iliyochomwa kwa ile nene, akielekea upande mmoja tu, mpaka ikaanza kuinua pini.

"Hii nimeipanga upya," akasema. "Tumbo la Abner nisingeweza kulisugua hivi. Uliogopa, na bado ukasema gunia likiwa nyumbani. Siku nyingine ukikosea, fanya vivyo hivyo. Na usichome kitu cha watu kabla ya kuuliza."

Usiku Abner alikunywa uji wake wote. Alfayo alilala na shati lisilo na vifungo, kwani sindano mama aliificha.