Antena Alizozilaza Zornitsa

Kila siku baada ya masomo, Zornitsa na rafiki yake Nevena walipitia jumba la kusomea la kijiji. Walipangusa matope kwenye viatu, wakamsalimia Mjomba Grozdan, mtunza jumba, kisha wakakaa kwenye meza ya dirishani kufanya hesabu kwenye kishikwambi. Ghorofani, mabibi wa kikundi cha kuimba walikanyaga sakafu mpaka vumbi likawadondokea wasichana vichwani.

Jumamosi moja ilikuwa siku ya shindano la hesabu la wilaya, nao wangeshiriki kutoka kwenye meza hiyohiyo. Maswali yangekuja kwa intaneti saa nne kamili, na timu ambayo mtandao wake ungekatika mara tatu ingeondolewa. Zornitsa hakutulia. Alichonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Hebu kaa chini! Unanizungusha kichwa," Nevena alilalamika.

Saa tatu na nusu wakafanya jaribio. Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka weee, kisha yakaja maandishi mekundu: hakuna mtandao. Wakajaribu tena. Vilevile.

Mwalimu Dobreva, aliyekuja kuisimamia timu yao, akageuka. "Grozdan! Jana ulisafisha chumba hiki. Umegusa nini?"

"Mimi? Mimi na fagio langu tu, mwalimu."

"Basi hilo fagio lako limetuponza! Watoto hawa wamejiandaa tangu theluji ya kwanza!"

Mjomba Grozdan akavua kofia, akajikuna kichwa.

Zornitsa alihisi masikio yake yakiwaka. Jana jioni, Nevena alipotangulia nje, alikuwa amepanda kiti akazilaza antena mbili za kisanduku cheupe cha intaneti kilichokuwa ukutani. Ncha zake alizielekeza mezani kwao, kama mtu anayeelekeza mpira wa maji kwenye miche. Alitaka nguvu yote ije kwao.

Aliinuka, akakaa. Akamtazama Mjomba, akatazama kisanduku. Saa ya ukutani haikumngoja.

Mara Bibi Stoyanka wa kikundi cha kuimba akachungulia kutoka kwenye ngazi. "Grozdan, Mungu akupe afya! Leo intaneti ya huku juu tamu kama asali. Tumetazama wimbo mzima bila kukwama!"

Mjomba Grozdan akatazama dari. "Ajabu. Huko juu haijawahi kufika sawasawa."

"Ni mimi," Zornitsa akasema kwa sauti nyembamba. "Mjomba hakugusa kitu. Ni mimi niliyezilaza antena."

"Wewe!" Nevena akaruka. "Na umekaa kimya, unamwangalia Mjomba akisemwa?"

Zilibaki dakika kumi. Mjomba Grozdan hakupoteza hata moja kwa hasira. Alitoa mfukoni gevreki, mkate wake wa pete wenye ufuta, akauvika kwenye penseli ya Zornitsa.

"Tazama. Penseli ndiyo antena, mkate ndio mawimbi. Yanatoka ubavuni, yanaizunguka. Kwenye ncha ni kidogo mno. Ulipozilaza, mkate ukasimama: upande mmoja umepanda kwa akina Stoyanka, mwingine umezama sakafuni. Na nyinyi mmekaa nchani!" Akaisimamisha penseli, mkate ukalala. "Hivi ndivyo unavyoenea chumbani."

"Kwa hiyo zisimame?"

"Zisimame. Na hicho kishikwambi msikilaze mezani. Kiegemezeni kwenye vitabu kisimame kama antena zenyewe, kitapokea vizuri zaidi."

Zornitsa akapanda kiti. Akazinyoosha. Kiduara kikazunguka mara moja tu, ukurasa ukafunguka.

"Grozdaaan!" sauti ikashuka kutoka juu. "Imekatika!"

"Vumilieni mpaka saa sita, mabinti!" Mjomba akajibu, na hata Mwalimu Dobreva akacheka.

Saa sita walimaliza. Mtandao haukukatika hata mara moja, nao wakashika nafasi ya pili wilayani. Mwalimu akamwendea mtunza jumba. "Nisamehe, Grozdan. Nimekuonea mbele ya watoto."

Kisha akamgeukia Zornitsa. "Antena tumezinyoosha kwa dakika moja. Lakini ule ukimya wako ulitugharimu dakika ishirini, na mtu asiye na kosa ndiye aliyeubeba. Kitu usichokijua, uliza kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalaumiwa kwa ajili yako."

Zornitsa akaitikia kwa sauti ya chini. Akautoa ule mkate kwenye penseli, akaumega vipande vinne, na kile kikubwa akampelekea Mjomba Grozdan.