Bustani Iliyolowa Bila Kumwagiliwa

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akapitia mlango wa uani kwenda kumwagilia fuksia, maua ya bibi yake. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Bustani yenyewe ilikuwa ukanda mwembamba kati ya nyumba na ukuta mrefu. Jua liliingia asubuhi tu, tena kidogo, na ndivyo fuksia zinavyopenda: kivuli, ubaridi, na udongo wenye unyevu usiotuama. Maua yake mekundu na ya zambarau yaliinama kama hereni. Katika giza lile la mchana, ungedhani yanasikiliza kitu ardhini.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Magoti yalipomgomea na asiweze tena kuinama, alimfundisha mjukuu wake kazi. Achomeke kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu amwage kopo moja shinani, ukiwa na unyevu auache. Maua yaliyonyauka ayachume pamoja na vitunda vyake, mmea usichoke kulea mbegu.

Kwa wiki mbili Chiriku alifanya hivyo. Wiki ya tatu, kuruka kamba na wenzake kukamteka. Siku tatu mfululizo hakukanyaga bustanini, na bibi alipouliza, alijibu bila kupepesa macho kwamba ameshamwagilia.

Siku ya nne dhamiri ikamsuta, akaenda. Ndani ya kopo buibui alikuwa ametanda utando. Akachomeka kidole akitarajia vumbi, nacho kikazama chote. Udongo ulikuwa chepechepe, wa baridi. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Mama hurudi kutoka kazini jioni, na bibi hawezi kushuka ngazi. Nani, basi, alikuwa akimwagilia?

Ndipo akasikia. Chini ya kiti cha mawe cha bibi, karibu na shina la mwisho, kitu kilinong'ona. Kilikuwa kama mtu anayenyonya maji kwa meno; kikanyamaza, kikaanza tena. Ua moja likatikisika, na upepo haukuwapo.

Chiriku alikimbilia ndani. Alifungua mdomo amwambie bibi, akaufunga. Angesemaje udongo umelowa wenyewe, na yeye ndiye aliyesema ameumwagilia?

Kesho yake majani yalikuwa yamelegea kama yenye kiu, ingawa mashina yalisimama kwenye matope. Keshokutwa yake kiti kilikuwa kimeinama upande mmoja, kana kwamba kuna mtu amekikalia. Chiriku hakusema neno.

Jioni ile bibi akatangaza kwa furaha kwamba magoti yamepata nafuu. Kesho mama Chiriku angemshika mkono, akakae kwenye kiti chake atazame maua. Chiriku akalirudisha tonge sahanini.

"Bibi, usiende," alisema. "Sikumwagilia. Nilikudanganya. Lakini udongo umelowa, na kuna kitu kinanong'ona chini ya kiti."

Bibi hakumgombeza. Alimwomba mama amwite fundi bomba aliyekaa nyumba ya tatu.

Fundi alilaza sikio ardhini, na uso wake ukabadilika. Akawaamuru wote warudi nyuma, kisha akakisukuma kiti kwa boriti ndefu. Ardhi ikaachama. Kiti kikatumbukia kwenye shimo jeusi la kumfika mtu mzima kifuani, na maji yakaruka. Bomba kuukuu lilikuwa limepasuka, maji yake yakila udongo kwa chini siku zote hizo.

Alifunga maji, na mnong'ono ukakatika. Fuksia mbili zilikuwa zimeoza mizizi, zikatupwa. Zilizobaki walizing'oa, wakakata mizizi iliyooza, wakazipanda kwenye vyungu vyenye matundu, kivulini. Baada ya wiki chache zikachipua.

Siku chipukizi la kwanza lilipoonekana, bibi alimketisha Chiriku kando yake.

"Kuacha kumwagilia siku tatu, hilo lingesameheka," alisema. "Ila uongo ule mdogo ulikuziba mdomo wakati tulipokuhitaji useme. Ulikuwa unaogopa aibu, na huku shimo linazidi kuchimbika chini ya kiti changu. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema. Safari hii ulichelewa, lakini ulisema, ndiyo maana bado nipo hapa nakufundisha."